Shingo Kukaza na Shingo Kukakamaa: Istilahi za Maumivu Yatokanayo na Msongo

1. Chanzo cha makala haya

Katika makala haya tunakusudia kujadili maneno machache ya Kiswahili yanayotumika kueleza maumivu ambayo karibu kila mtu mzima ameyaonja: shingo inayokaza, mabega yanayouma, na misuli isiyotaka kulegea kwa sababu mawazo yamemsonga mwenyewe. Huenda msomaji akajiuliza jambo hili linawahusu nini wanaoshughulikia lugha, kwani matibabu ni kazi ya waganga. Jibu letu ni kwamba mganga hutibu kwa dawa na kwa mikono, lakini huagiza kwa maneno. Neno likiwa na maana mbili, agizo nalo huwa na maana mbili.

Tuliliona hilo wazi tulipokuwa Miyuji, kata iliyo upande wa kaskazini wa jiji la Dodoma. Tulikuwa tumeombwa kupitia lugha ya kipeperushi kilichofasiriwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa ofisini. Kipeperushi kile kilisema: "Shingo ikikakamaa, ichuliwe kwa mafuta yenye uvuguvugu, na mtu apumzike." Katika ukuta uleule ambapo kingebandikwa palikuwa na tangazo la zamani kuhusu homa ya uti wa mgongo. Nalo lilisema: "Shingo ikikakamaa, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja."

Maneno mawili ya mwanzo yalikuwa yaleyale, herufi kwa herufi. Mwenye kusoma kipeperushi atatafuta mafuta, na mwenye kusoma tangazo atatafuta gari. Je, mama aliyeamka usiku na mtoto mwenye homa, naye amewahi kusoma vyote viwili, atatii kipi?

Mfasiri wa kipeperushi hakukosa kwa kutojua lugha, maana kila neno alilolitumia limo katika kamusi. Wala mwandishi wa tangazo hakukosa. Ila kila mmoja aliandika kana kwamba mwenzake hayupo. Kazi ya usanifishaji wa istilahi ni kuwakutanisha watu wa namna hiyo kabla maandishi yao hayajakutana ukutani.

2. Shingo na mzigo wake

Kabla ya kuyapima maneno, yatupasa tuifahamu dhana yenyewe. Kwani mfasiri asiyejua kitu kinachotajwa hubaki akifasiri sauti.

Shingo ya binadamu ina pingili saba za uti wa mgongo, nazo hubeba kichwa ambacho kwa mtu mzima huwa na uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Kichwa kikiwa wima juu ya pingili hizo, kazi ya misuli si kubwa. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma ya shingo na ya juu ya mabega hulazimika kukivuta kisianguke, nayo huendelea kukivuta kwa muda wote ambao kichwa kimeinama.

Hapo Miyuji msomaji anaweza kuona namna mbili za kuichosha shingo zikiishi jirani. Chama cha TANU kilipitisha uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma mwaka 1973, lakini ni tangu mwaka 2016 ndipo watumishi wa serikali walipohamia kwa wingi. Hivyo karani aliyetoka Dar es Salaam amepanga chumba karibu na mama anayechota maji kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20, na mama huichukua kichwani akiwa amenyooka. Karani hana kitu kichwani, ila ameinamia meza, kompyuta au simu tangu asubuhi hadi jioni. Hatusemi kwamba ndoo haiumizi. Waichukuao hulalamika, tena kwa haki. Lakini mchukua maji hutua mzigo wake afikapo nyumbani, hali karani hajui hata kwamba ameubeba.

Juu ya uchovu huo huongezeka mambo mengine mawili. La kwanza ni baridi. Miezi ya Juni na Julai upepo wa Dodoma huwa mkavu na usiku huwa wa baridi, na mtu hujikunyata, mabega yakapanda karibu na masikio. Wengi huulaumu upepo kwa kuwaingia shingoni, lakini mara nyingi kinachouma ni msuli uliokazwa saa nyingi kwa sababu ya kujikunyata.

La pili, ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni msongo wa mawazo. Mtu akiona hatari, mwili wake hujiandaa kupigana au kukimbia. Homoni iitwayo adrenalini humwagika katika damu, moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza na mabega hupanda. Hatari ikiwa ni simba, mtu hukimbia, na akiokoka misuli hulegea. Lakini hatari ikiwa ni barua ya uhamisho, ada ya shule au deni la kodi ya nyumba, hakuna pa kukimbilia. Mwili hubaki umejiandaa siku nzima, na pengine mwezi mzima. Misuli iliyokazwa huuma. Maumivu huleta hofu. Na hofu huikaza misuli zaidi. Huo ndio mzunguko ambao matibabu hulenga kuukata.

Kiswahili hakikungoja wataalamu kugundua uhusiano wa shingo na moyo. Mtu asiyeridhika hukubali shingo upande. Mkaidi huitwa mwenye shingo ngumu. Aliyepata habari njema baada ya wasiwasi mrefu hushusha pumzi. Kwa hiyo dhana tunayoitafutia istilahi si ngeni kwa wasemaji, na istilahi zitakazodumu ni zile zitakazoota katika shina hilohilo.

3. Kaza na kakamaa

Kitenzi kaza maana yake ni kukifanya kitu kishike barabara: mtu hukaza kamba, hukaza mkanda, hukaza ngozi ya ngoma. Jambo la kuangalia ni kwamba kinachokazwa chaweza pia kulegezwa. Katika usemi wa kila siku kitenzi hiki hutumika pia bila ya yambwa, kama katika "shingo imekaza", nasi hatuoni sababu ya kukataza matumizi hayo yaliyokwisha enea.

Kakamaa ni jambo jingine. Ngozi mbichi ya ng'ombe ikianikwa juani hukakamaa, maiti hukakamaa. Kilichokakamaa hakipindiki, na ukikilazimisha hukipindi bali unakivunja. Kitenzi kaza humtaja mwenye kukaza, hata akiwa ni mwili wenyewe. Kakamaa hutaja hali tu.

Tofauti hii, ijapokuwa wasemaji hawaizingatii siku zote, inaafikiana vema na tofauti ya kitabibu. Katika uchovu na msongo, misuli ya shingo imekazwa, nayo yaweza kulegezwa kwa joto, kwa mkono na kwa mapumziko. Katika homa ya uti wa mgongo, utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo umevimba kwa maambukizi. Mgonjwa akijaribu kuinamisha kichwa, utando huo huvutwa na kuuma sana, na misuli ya shingo hukataa kupinda ili kuukinga. Hapo kuchua shingo hakuna faida yoyote, kwani ugonjwa haumo katika msuli. Kila saa inayopotea katika kuchua ni saa iliyoibwa kutoka katika matibabu, na ugonjwa huo waweza kuua katika muda wa siku moja au mbili.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba katika maandishi ya afya, shingo kukaza litumike kwa uchovu na msongo, na shingo kukakamaa litumike kwa dalili ya ugonjwa wa hatari tu. Lakini hatupendi kumdanganya msomaji kwamba neno moja peke yake litatosha. Wasomaji wengi watayachukua maneno haya mawili kuwa ni ndugu. Kwa hiyo kila aandikapo shingo kukakamaa, mwandishi aongeze maelezo ambayo mtu yeyote anaweza kuyajaribu: kidevu hakifiki kifuani, tena mgonjwa ana homa. Na kwa watoto wachanga aongeze kwamba shingo yaweza isikakamae kabisa. Mtoto hukataa kunyonya, hulia bila kunyamazika au hulala mno, na pengine utosi wake hufura.

Lipo jambo la nyongeza kuhusu jina linalotokana na kitenzi hiki. Ukakamavu kwa Kiswahili cha leo ni sifa njema: kijana mkakamavu ni yule aliye imara na shupavu. Tuliwahi kuona maandishi yenye maneno "ukakamavu wa shingo", na mwalimu mmoja aliyeketi nasi akauliza kwa utani kama ni somo jipya la mazoezi ya viungo. Afadhali mfasiri atumie kitenzi-jina, kukakamaa kwa shingo, kuliko kuazima sifa ya askari kuwa jina la dalili ya ugonjwa.

4. Msuli, mshipa, kano na neva

Wagonjwa wengi husema: "Mshipa wa shingo umenivuta." Katika Kiswahili cha kawaida mshipa ni njia ya damu, ni neva, ni kano, na katika sehemu nyingi ni jina la ngiri pia. Mgonjwa hana lawama kwa kulitumia hivyo, kwani ndivyo alivyolipokea. Lakini mwandishi wa maelezo ya afya hana ruhusa hiyo. Msuli uliokaza hutaka kulegezwa; neva iliyobanwa hutaka kuchunguzwa; mshipa wa damu ulioziba ni hatari nyingine kabisa. Kwa hiyo tunashauri yatumike maneno manne yaliyokwisha zoeleka: msuli kwa nyama inayojivuta na kujilegeza, kano kwa uzi mgumu unaofunga msuli katika mfupa, neva kwa njia ya hisia na amri za mwili, na mshipa wa damu kwa njia ya damu.

Huenda mtu akapinga neno msuli kwa kuwa katika mwambao ni nguo ya kiume ya kujifunga kiunoni, na kwa wanafunzi kupiga msuli ni kusoma kwa bidii. Hatuoni hatari hapo. Muktadha huyatenganisha maneno hayo bila ya shida, na hakuna atakayechua nguo yake kwa kudhani ni mwili. Kanuni ya kufuata ni kuwa maana mbili za neno moja zinadhuru pale tu zinapokaa katika sentensi ya aina moja, mbele ya msomaji wa aina moja.

Kwa kanuni hiyohiyo tunalipendelea neno ukosi kwa sehemu ya nyuma ya shingo, badala ya kikosi. Yote mawili ni sahihi. Lakini katika mkoa wenye kambi ya Makutupora, kijana wa Jeshi la Kujenga Taifa akisoma "maumivu ya kikosi" atadhani wenzake wote wameugua. Ukosi ni pia sehemu ya shati inayozunguka shingo, na maana hiyo haipotezi mtu, bali inamwelekeza mahali hasa panapouma.

5. Mkazo, msongo, shinikizo na presha

Sasa tunafika kwenye neno lenye mgogoro mkubwa zaidi. Hans Selye, mtaalamu aliyezaliwa Vienna mwaka 1907 na kufanya kazi zake Montreal, alieleza mwaka 1936 jinsi mwili wa mnyama unavyoitikia kwa namna moja madhara ya namna nyingi. Baadaye hali hiyo aliipa jina lililokuwa likitumiwa na wahandisi kwa nguvu inayokibana chuma au nguzo. Tangu hapo neno hilo limeenea duniani, nasi tumelipokea kwa majina mengi: mkazo, msongo, shinikizo, mfadhaiko, presha, na mitaani stresi.

Mkazo lina kazi nyingine katika lugha yetu. Mwalimu wa sarufi hufundisha kwamba mkazo wa neno la Kiswahili huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Sisi tungependa, katika maandishi ya afya, neno hili libaki kwa msuli: mkazo wa misuli ni hali ya misuli kukazwa na kukaa hivyo.

Msongo linatokana na songa. Mpishi husonga ugali, msusi husonga nywele, watu husongamana sokoni. Mtu mwenye taabu husema mawazo yamemsonga, na hilo halikufundishwa na mfasiri yeyote. Ndiyo maana msongo wa mawazo limekubalika upesi kuliko mengine, nasi tunaliunga mkono. Hatupendekezi msongo wa akili, hata kama laonekana kuwa ni kitu kilekile. Dodoma ndipo ilipo Hospitali ya Mirembe, ambayo jina lake kwa watu wengi nchini limekuwa sawa na maradhi ya akili. Karani akiambiwa ana msongo wa akili husikia kwamba njia yake inaelekea Mirembe, naye hatarudi tena kueleza maumivu yake. Ni kweli kwamba si haki kuwaonea haya wanaotibiwa huko. Lakini mfasiri huandika kwa ajili ya msomaji aliyepo, huku akitumaini kwamba kesho msomaji huyo atakuwa na moyo mpana zaidi.

Shinikizo ni nguvu itokayo nje: mtu hushinikizwa na mkubwa wake au na wadai wake. Kwa hiyo laweza kutumika kwa chanzo, na msongo likatumika kwa hali inayompata mtu. Aidha, shinikizo limekwisha pata kazi rasmi katika shinikizo la damu, na hapo ndipo inapoingia hatari ya presha. Kwa wananchi wengi presha maana yake ni shinikizo la juu la damu. Kipeperushi kikisema "presha ya kazi huleta maumivu ya shingo", wako watakaoelewa kwamba shingo ikiuma basi wana ugonjwa wa damu, na pengine wakameza vidonge vya jirani. Wako pia wenye ugonjwa huo hasa, nao wataona kwamba presha yao ni ya mawazo tu na kuacha dawa. Shinikizo la damu halijulikani kwa kuumwa shingo. Hujulikana kwa kupimwa. Kwa sababu hiyo tunashauri neno presha lisitumike kabisa katika maelezo ya msongo.

Tahadhari moja zaidi. Mfasiri asiandike "maumivu ya kimawazo". Maneno hayo humwambia mgonjwa kwamba haumwi, bali anafikiri anaumwa. Maumivu ya msuli uliokazwa na msongo ni maumivu ya kweli, kama ya msuli uliokazwa na jembe. Tuseme: maumivu yatokanayo na msongo, au yanayozidishwa na msongo. Mithali yasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lugha yetu isiwe ndiyo inayomfanya mgonjwa aonekane amebeba usufi.

6. Kuchua, kukanda na kulegeza

Katika maneno ya kutibu Kiswahili ni tajiri, na kazi iliyobaki ni kuyagawia nafasi zake.

Kuchua ni kusugua mwili kwa kiganja au vidole, aghalabu kwa mafuta. Kwa shingo, mkono huanzia ukosini na kushuka polepole hadi begani, kwa nguvu ambayo mgonjwa anaivumilia bila ya kuzuia pumzi. Kukanda lina maana mbili zinazotumika mwilini: kuminya kwa mikono kama mtu akandavyo unga, na kubandika kitambaa cha maji ya moto, kama akandwavyo mzazi. Mfasiri asiandike "kandeni shingo" akaishia hapo. Aeleze kama ni kwa mikono au kwa kitambaa. Na kama ni kitambaa, aseme kiwe na joto lisilounguza, kijaribiwe kwanza kwenye mkono, kisha kikae shingoni dakika 15 hadi 20.

Kunyoosha litumike kwa zoezi la mtu mwenyewe: kuinamisha kichwa polepole kuelekea bega la kulia, kukaa hapo kwa muda wa pumzi tatu au nne, kisha kushoto, kugeuza uso kulia na kushoto, kuinua mabega na kuyashusha. Lisichanganywe na kupinda shingo kwa ghafula hadi ilie, kama wafanyavyo baadhi ya vinyozi baada ya kunyoa. Tendo hilo, ingawa si mara nyingi, laweza kujeruhi mishipa ya damu ya shingo inayopeleka damu katika ubongo, na halifai kushauriwa katika maandishi yoyote.

Kulegeza ndilo neno linalotaka uangalifu mkubwa kuliko yote. Mwaka 1929 Edmund Jacobson, daktari wa Marekani, alichapisha kitabu kuhusu njia ya kuituliza misuli kwa zamu. Mtu hukaza kwa makusudi kundi moja la misuli kwa sekunde chache, huisikiliza hali ya kukaza, kisha huachilia na kuisikiliza hali ya kulegea. Halafu huenda kwenye kundi jingine. Faida yake ni kwamba mtu hujifunza kutambua kuwa alikuwa amekaza, jambo ambalo karani wetu hakulijua. Njia hii hutumika mpaka leo, nayo haihitaji chombo wala fedha.

Tuiiteje? Baadhi wameandika "kulegea kwa misuli". Lakini kulegea kwa misuli hutumika hospitalini kwa mkono au mguu ulioishiwa nguvu, kama katika polio au kiharusi. Hapa mnyambuliko wa kitenzi unatuokoa. Lege-a ni hali inayompata mtu. Lege-za ni tendo analolifanya. Anayetibiwa kwa njia ya Jacobson hulegeza misuli yake kwa hiari. Kwa hiyo istilahi iwe kulegeza misuli kwa zamu, na kulegea kwa misuli libaki kuwa dalili ya ugonjwa.

Pamoja na hayo yote, maelezo yasisahau ushauri ulio mwepesi kuliko yote: kuinuka mezani kila baada ya nusu saa hivi, kuinua kitabu au kompyuta ifike karibu na usawa wa macho, kuvuta pumzi taratibu hadi tumbo lijae na kuishusha kwa muda mrefu zaidi ya ule wa kuivuta, kutembea kwa miguu jioni, na kumweleza mtu wa kuaminika yale yanayomsonga. Shingo iliyokaza kwa uchovu na msongo aghalabu hupata nafuu katika siku chache au wiki chache. Lakini chanzo cha msongo kikibaki, itarudi. Na mafuta hayawezi kulipa kodi ya nyumba.

7. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Shingo kukaza: shingo kuwa nzito na kuuma ikigeuzwa, kwa sababu misuli yake imekazwa na uchovu, baridi au msongo.

Shingo kukakamaa: shingo kukataa kuinama hata kidevu kisifike kifuani, dalili ya ugonjwa wa hatari, hasa ikiambatana na homa.

Mkazo wa misuli: hali ya misuli kukazwa kwa muda mrefu bila ya kulegezwa.

Msongo wa mawazo: hali ya mwili na moyo wa mtu anayekabili mambo yanayozidi uwezo wake wa kuyastahimili.

Shinikizo: nguvu au madai yatokayo nje na kuleta msongo.

Shinikizo la damu: nguvu ya damu katika kuta za mishipa yake, ijulikanayo kwa kupimwa.

Ukosi: sehemu ya nyuma ya shingo.

Kukanda kwa joto: kubandika kitambaa chenye joto mahali panapouma.

Kulegeza misuli kwa zamu: kukaza na kuachilia makundi ya misuli, moja baada ya jingine, kwa hiari.

Kulegea kwa misuli: misuli kuishiwa nguvu; dalili ya ugonjwa.

8. Hitimisho

Tuliporudi kwenye kipeperushi cha Miyuji, tuliketi na wenyeji wetu tukakiandika upya, naye mfasiri wake ndiye aliyeshika kalamu. Sasa kinasema hivi: "Shingo ikikaza kwa sababu ya kazi au msongo wa mawazo, ikande kwa kitambaa chenye joto, ichue taratibu, na uinuke mezani kila baada ya nusu saa. Lakini kama una homa na kidevu hakifiki kifuani, au unatapika, au kichwa kinauma sana, au mwanga unakuumiza macho, au umechanganyikiwa, usichue. Nenda hospitali mara moja. Nenda hospitali pia kama shingo imeumia katika ajali, kama taya limekaza na halifunguki, kama mkono umekufa ganzi au umepungukiwa nguvu, au kama maumivu yametoka kifuani."

Kimekuwa kirefu kuliko kile cha kwanza. Mmoja wa watumishi alilalamika kwamba watu hawasomi maneno mengi, na lalamiko lake lina haki. Lakini mama mmoja aliyekuwa akifagia chumba tulichokuwamo alikisikia kikisomwa, akauliza: "Kwa hiyo mtoto wangu akiwa na homa nimwambie ainamishe kichwa kwanza?" Tukamjibu, "Ndiyo, mama. Na kama bado ananyonya, usingoje shingo, mpeleke tu." Aliitikia kwa kichwa na kuendelea na kazi yake. Tukaona kwamba maneno ya ziada yalikuwa yamekwisha pata kazi.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa afya watakaoyasoma haya watuarifu ni maneno gani yanayotumika katika sehemu zao kwa shingo iliyokaza na shingo iliyokakamaa, na kama kuna mahali ambapo tofauti tuliyoipendekeza inapingana na usemi wa wenyeji. Istilahi hizi ni mapendekezo, nazo zitapata uzito zikishapita katika vinywa vya wanaoumwa.